Kariakoo yajilinda na vibaka, nani anatazama nguzo?

Jumamosi ya Novemba 16, 2024, majira ya saa 3 asubuhi, jengo la ghorofa nne lililokuwa makutano ya mitaa ya Mchikichi na Congo, Kariakoo, lilianguka likiwa na watu ndani. Ilikuwa saa ya kazi. Wenye fremu walikwishafungua, wateja wa jumla walikwishaanza kuulizia bei. Kabla winchi hazijafika na vikosi vya uokoaji kujipanga, waliopanda juu ya kifusi walikuwa watu wa mtaani hapohapo: wauza maduka ya jirani, machinga na makuli, wakivunja zege kwa nyundo na kuondoa matofali kwa mikono. Walionasa chini walipiga simu. Kwa simu hizo waokoaji walijua pa kuchimba, na kupitia matundu yaliyopatikana walipitisha maji, glukosi na hewa ya oksijeni.

Zaidi ya watu 80 walitolewa wakiwa hai. Waliofariki walifikia 31.

Zilikuwa zimesalia siku 11 kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Kampeni zilianza Novemba 20, mji ungali msibani, na Novemba 27 wakazi wa Kariakoo, kama wenzao wa nchi nzima, wakaenda kuchagua wenyeviti wa mitaa na wajumbe wao. Tarehe hizo zilikutana kwa bahati tu, lakini kukutana kwake kuliibua swali ambalo katikati ya jiji la Dar es Salaam limeahirishwa kwa miaka mingi: usalama wa mtaa ni kazi ya nani, na unaanzia wapi?

Ukizungumzia usalama katika ofisi ya mtaa, mazungumzo huanzia kwa vibaka. Yana sababu ya kuanzia hapo. Kariakoo ni soko la wanunuzi kutoka mikoani na nchi jirani, Zambia, Malawi, Kongo, Burundi, watu wanaotembea na fedha taslimu mifukoni na mizigo begani. Simu inaponyakuliwa Msimbazi, mnyakuzi ana vichochoro vingi vya kupotelea. Mwanzoni mwa 2015 taharuki ya kundi la vijana lililoitwa Panya Road iliwafanya wenye maduka wa maeneo mengi ya jiji kushusha milango, na mwaka 2022 jina hilo likarudi tena midomoni mwa watu. Kwa hofu hizo, mtaa unajua la kufanya. Unachangishana, unateua vijana wa ulinzi shirikishi, unapeana namba za simu, unampigia mkuu wa kituo. Ni kazi iliyokomaa, na wanaoifanya wanastahili heshima kuliko wanayopewa.

Kukomaa huko kuna historia. Kariakoo ilipangwa na Wajerumani iwe makazi ya Waafrika, ikitengwa na mji wa Wahindi kwa uwanda wa Mnazi Mmoja. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, eneo la soko likawa kambi ya wapagazi wa vita wa Carrier Corps, na jina likabaki. Serikali za kikoloni hazikuwa na haja kubwa na maisha ya watu wa huku, kwa hiyo watu wa huku walijiundia vyama vyao. African Association ilianzishwa mwaka 1929, na ofisi yake ikawa New Street, ambao leo ni mtaa wa Lumumba. Humo ndimo kilimozaliwa chama cha TANU, Julai 7, 1954. Klabu ya Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na ile ambayo leo ni Simba ikafuata mwaka 1936; moja imejenga makao yake Jangwani, nyingine Msimbazi. Mashabiki wa leo huzitazama kama timu za ligi. Kwa wazee wa mji zilikuwa pia mahali pa kuzikana, kukopeshana na kupatanishwa.

Kisha ukaja mfumo wa nyumba kumikumi wa TANU katika miaka ya 1960, balozi akiwa mtu anayejua nani amelala wapi. Ukaja sungusungu, ulioanzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa mifugo, ukaingia mijini na kutambuliwa na sheria mwaka 1989 kupitia marekebisho ya Sheria ya Mgambo. Vyama vingi vilipoingia mwaka 1992, balozi alibaki kuwa wa chama, na kazi za wote zikahamia kwa serikali ya mtaa. Mwaka 2006, chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, Jeshi la Polisi likaanza kusukuma polisi jamii, na vikundi vya ulinzi shirikishi vikapata mlezi rasmi.

Kila moja ya taasisi hizo iliundwa kumtazama mtu: mgeni aliyeingia usiku, kijana asiye na kazi, mwizi wa ng'ombe, kibaka wa simu. Hakuna iliyoundwa kutazama nguzo.

Kwa muda mrefu hilo halikuwa na ubaya. Kariakoo ya nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba ubavuni na uwa nyuma, haikuwa na ghorofa la kumwangukia mtu. Mwenye nyumba aliishi na wapangaji wake, na ufa ulipotokea ukutani wote waliuona. Jengo kubwa lilikuwa soko lenyewe, kazi ya msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975 likiwa na paa la miavuli ya zege inayopokea maji ya mvua na kuyateremsha kwenye matangi ya chini. Nusu karne baadaye, kiwanja kilichobeba nyumba ya vyumba sita kinabeba ghorofa nane, kumi, na zaidi. Chini ni fremu zisizozidi mita chache za upana, na katika baadhi ya majengo kuna fremu nyingine chini ya ardhi. Katikati ni stoo. Juu ni makazi au nyumba za wageni.

Fedha ndiyo inayosukuma. Fremu nzuri ya Kariakoo haipatikani kwa kodi peke yake. Mpangaji hulipa kwanza kilemba, yaani malipo ya kuingilia, na kilemba hicho huweza kuzidi kodi ya miaka. Kila mita ya mraba inayoongezwa chini au juu ni fedha taslimu. Kwa mwenye jengo la zamani, njia ya haraka ya kuongeza fremu ni kuvunja ukuta huu, kuhamisha nguzo ile, au kuchimba chini. Baada ya jengo la Mchikichi kuanguka, taarifa nyingi zilitaja kazi ya uchimbaji iliyokuwa ikiendelea chini yake. Mwisho wa Novemba 2024 watu watatu walifikishwa Mahakama ya Kisutu kwa mashtaka 31 ya kuua bila kukusudia, na ni mahakama yenye kauli ya mwisho kuhusu nani alikosea nini. Waziri Mkuu wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda tume ya watu 19 kukagua majengo ya Kariakoo.

Tume si jambo geni mjini. Asubuhi ya Ijumaa Kuu, Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa eneo la Kisutu, mtaa wa Indira Gandhi, liliporomoka na kuua watu 36. Miongoni mwao walikuwamo watoto waliokuwa wakicheza kwenye uwanja wa jirani. Kisutu na Kariakoo zinatenganishwa na Mnazi Mmoja tu. Mtu hutembea kwa miguu kutoka moja hadi nyingine. Majengo mawili, watu 67. Hakuna kundi la vibaka lililowahi kufanya hivyo katikati ya jiji.

Na moto? Usiku wa Julai 10, 2021, soko kuu la Amuli liliwaka, na bidhaa za wafanyabiashara zikateketea mbele ya macho yao. Januari 2022 likafuata soko la Karume, Mchikichini, umbali mfupi tu kutoka pale. Serikali ilitenga zaidi ya shilingi bilioni 28 kukarabati soko la Kariakoo na kujenga jipya kando yake. Fedha hizo zimerudisha jengo. Mtaa unaolizunguka bado una vibanda vilivyobanana hadi gari la zimamoto halipiti, nyaya zilizounganishwa juu kwa juu, majiko ya mama lishe pembeni ya marobota ya vitenge, na ngazi za dharura zilizogeuzwa stoo. Hayo yote yanaonekana kwa macho. Hayahitaji mhandisi.

Hapo ndipo ilipo hoja ya makala haya. Mtu anayeyaona mambo hayo kwanza ni jirani, na ofisi ya kwanza kwa jirani ni serikali ya mtaa, iliyowekwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Namba 8 ya mwaka 1982. Mwenyekiti, wajumbe na mtendaji ndio wanaoandika barua za utambulisho, wanaosuluhisha ugomvi wa maji machafu, wanaosimamia usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wanaokusanya michango ya msiba. Lakini kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri ya jiji. Wahandisi wana bodi yao, makandarasi yao, wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi yao. Usalama wa wafanyakazi uko kwa wakala wa OSHA. Moto uko kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa sheria ya mwaka 2007. Kila taasisi ina kipande chake, na kila moja ina sababu ya kuamini kwamba kipande kilichobaki kiko kwa mwingine. Mwenyekiti wa mtaa, anayepita mbele ya jengo hilo kila siku, hana hata kipande kimoja. Akisikia katapila likinguruma chini ya ghorofa lenye wapangaji, anachoweza ni kuandika barua na kusubiri.

Ugumu mwingine uko kwenye daftari la wapigakura. Serikali ya mtaa huchaguliwa na wakazi, ilhali Kariakoo ya mchana si ya wakazi. Mwenye fremu anaamka Tabata au Mbagala, anafungua asubuhi, anafunga jioni, anarudi kwake na kupiga kura kwake. Mwenye jengo huenda anaishi Mbezi, au nje ya nchi. Anayelala Kariakoo ni sehemu ndogo tu ya watu ambao jengo likianguka saa 3 asubuhi litawakuta ndani. Kwa hiyo mwenyekiti anawajibika kwa wachache, huku maelfu walio hatarini hawana kiti kwenye mkutano wake. Hili ni kosa la mfumo, si la mtu, na litaendelea kuwapo kila uchaguzi mpaka pale wafanyabiashara watakapoingizwa rasmi kwenye vikao vya usalama vya mitaa wanakofanyia kazi.

Kwamba wafanyabiashara hao wanaweza kujipanga, hakuna anayebisha. Mei 15, 2023 walifunga maduka wakilalamikia kamatakamata ya kodi, na Waziri Mkuu akaja kuwasikiliza, siku mbili baadaye akakaa nao Mnazi Mmoja kwa mkutano wa wazi uliotangazwa nchi nzima. Kamati ikaundwa. Juni 2024 wakafunga tena. Mtu anaweza kukubaliana nao au kutokubaliana nao kuhusu kodi, lakini walithibitisha kwamba Kariakoo ikisema kwa sauti moja, nchi inasimama kusikiliza. Novemba 18, 2024, uwanja huohuo wa Mnazi Mmoja ulipokea majeneza. Nguvu iliyofunga maduka kwa ajili ya kodi inatosha kumzuia mwenye jengo mmoja asiyetaka kuonyesha kibali. Haijatumika huko ipasavyo, na hilo linauma.

Wala njia si ya kubuni upya. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza ya Afrika kuingia katika mpango wa Miji Salama wa shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, uliokuwa umeanzishwa mwaka 1996 kwa ombi la mameya wa bara hili. Katika kazi zake, moja ilifanyika Manzese, na uzuri wake ni urahisi: wanawake wa mtaa walitembea pamoja na viongozi katika njia wanazopita kila siku, wakionyesha wapi wanaogopa na kwa nini. Kichochoro kisicho na taa. Njia inayopita nyuma ya vilabu vya pombe. Kutokana na matembezi hayo mtaa ulipata orodha ya mambo ya kurekebisha, iliyotoka kwa watu wanaoyaishi.

Kariakoo inahitaji matembezi ya namna hiyo, safari hii macho yakitazama kuta. Mjumbe wa mtaa, mwakilishi wa wenye fremu, askari wa zimamoto na mhandisi wa jiji wakipita mtaa mmoja kwa asubuhi moja, wataona mengi. Bango la ujenzi lipo? Lina jina la mkandarasi na la mhandisi? Jengo lililopewa kibali cha ghorofa sita limefika la ngapi? Mlango wa dharura unafunguka, au umewekewa marobota? Mtungi wa kuzimia moto umekaguliwa lini? Wapangaji wa fremu za chini wameona maji yakivuja au ufa ukipanuka? Majibu yabandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi ya mtaa, jina la jengo kwa jina la jengo, ili mteja na mpangaji wasome. Rangi nyekundu ya "Simamisha ujenzi" ambayo kila Mtanzania wa mjini anaijua ni ya halmashauri, na ibaki yake. Lakini mtaa upewe haki ya kuiita ije ndani ya siku moja, na anayepuuza wito huo awajibike kwa jina lake.

Sheria nyingine ipo na imelala. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inataka wamiliki wa sehemu katika jengo moja wawe na chama chao cha kusimamia maeneo ya pamoja: ngazi, paa, mifereji, msingi. Kariakoo, ambako majengo mengi yana mwenye mmoja na wapangaji mamia, sheria hiyo haiwagusi wengi. Hata hivyo, wazo lake ni zuri na halihitaji kusubiri Bunge. Wapangaji wa jengo moja wanaweza kuwa na kamati yao ya usalama, yenye mwenyekiti na kundi la simu, inayopokea taarifa ya kila kazi ya ujenzi inayofanyika ndani ya jengo. Wanaolipa kilemba cha mamilioni wana kila sababu ya kuuliza kinachochimbwa chini ya miguu yao.

Februari 2025 biashara ya saa 24 ilizinduliwa Kariakoo. Wafanyabiashara waliidai kwa muda, na taa na kamera za barabarani zimeisaidia. Ni hatua inayostahili pongezi, kwa sababu mtaa wenye taa na watu usiku unamnyima kibaka giza lake. Lakini jengo linalofanya kazi usiku na mchana halipati saa ya kukaguliwa wala kupumzishwa. Umeme wake haukatiki, stoo zake hazifungwi, na ikitokea dharura saa 8 usiku, waliomo ndani ni wengi kuliko zamani. Kila saa iliyoongezwa ya biashara ingepaswa kuongezewa saa ya ukaguzi. Kamera zinazotazama barabara hazioni nguzo iliyopasuka ndani ya stoo.

Vijana wa ulinzi shirikishi wangeweza kuanza kesho. Wanajua kila mlango, wanakesha, wanaaminiwa, na ndio watakaofika kwanza jengo likianguka, kama majirani walivyofika Mchikichi. Siku chache za mafunzo ya zimamoto na uokoaji, kofia ngumu, mwanga wa kutosha, nyundo na majeki yaliyohifadhiwa ofisi ya mtaa: gharama hiyo haifikii kilemba cha fremu moja. Kwa sasa wengi wao wana kirungu na filimbi.

Viongozi waliochaguliwa Novemba 27, 2024 wana muhula wa miaka mitano. Hawawezi kusubiri wapewe mamlaka ndipo waanze kuuliza, na hawawezi kuuliza peke yao. Msomaji unayefanya kazi, unayepanga au unayenunua Kariakoo, ukisikia mashine inachimba chini ya jengo lenye watu, usizoee sauti hiyo. Toka nje, tafuta bango la ujenzi, lipige picha. Kama halipo, nenda ofisi ya mtaa uandikishe taarifa yako kwenye kitabu, uondoke na namba yake, kisha upeleke nakala kwa mhandisi wa jiji. Ukiona moshi au ukuta unaopasuka, piga 114 kwa Zimamoto kabla hujampigia mtu mwingine yeyote, na uwatoe waliomo ndani.